Kitabu cha Mkono Mmoja

Ofisi ya usajili wa vizazi na vifo ilikuwa na madirisha matatu, feni moja iliyozunguka kwa kubembelezwa, na mwanamke aliyeitwa Bi Mstari. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho shingoni, lakini kitambulisho chenyewe alikuwa amekigeuza mgongo tangu picha yake ianze kufanana na mama mkwe wake. Hilo la Bi Mstari alipewa na wenzake, na alilifanyia kazi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akiandika kwenye vitabu vya usajili bila herufi yake hata moja kukanyaga mstari. Mkia wa y yake ulishuka, ukauona mstari wa chini, ukasimama kwa adabu kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa.

Vitabu hivyo vilikuwa vikubwa kuliko mito ya kulalia, vyenye majalada magumu ya kijani, kurasa mia tatu kila kimoja, zilizoandikwa upande mmoja tu. Kila ukurasa uligawanywa visanduku, na kisanduku cha jina la mtoto kilipimwa na mtu ambaye bila shaka hakuwahi kukutana na mtoto mwenye majina manne. Kompyuta ilikuwepo, ndiyo, juu ya meza ya pembeni, imefunikwa kitambaa cha maua kama mgonjwa anayepumzika. Kila kitu kiliingizwa humo pia. Lakini kompyuta ikibishana na kitabu, kitabu ndicho kilichosikilizwa, na kitabu kiliandikwa kwa mkono.

Kwa mkono mmoja. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni, na wageni hawakuijua. Karani aliyeanza kitabu ndiye aliyekimaliza. Akiugua, akihamishwa, au akifariki kabla ya ukurasa wa mia tatu, mkuu wa masijala alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari kutoka ukingo mpaka ukingo, na juu yake akaandika: Mkono umebadilika. Kisha tarehe. Mtu wa nje angeona ni mstari tu. Makarani waliuona kama kovu usoni. Kulikuwa na kitabu kimoja stoo chenye mistari mitano, maana kila karani aliyekigusa alipata jambo: huyu akaolewa, yule akapata kazi benki, mwingine akaaga kwenda chooni na mpaka leo hajarudi. Kitabu hicho waliita Nyumba ya Wageni.

Bi Mstari alikuwa na vitabu kumi na tisa, na hakuna hata kimoja chenye wekundu ndani. Cha ishirini kilikuwa cha mwisho, kwa sababu mwaka ukiisha na yeye alikuwa anastaafu. Hakikuwa hata kitabu cha watoto wapya. Paa la stoo lilikuwa limevuja juu ya kitabu kimoja cha zamani, cha kabla yake, kurasa zikawa zinabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na mkuu akamkabidhi ayahamishe majina yote kwenye kitabu kipya kabla hayajageuka uji. Alikipokea kwa mikono miwili. Alipofika ukurasa wa mia na arobaini na tatu, dole gumba lake likakataa.

Halikukataa ghafla. Lilikuwa limeonya kwa miaka. Zamani, kabla vyeti havijaanza kuchapwa kwa mashine, kila cheti kilitoka nakala tatu: ya mwenyewe, ya ofisi, na ya makao makuu. Katikati yao unaweka karatasi za kaboni, na ili nakala ya tatu isomeke ulilazimika kuikandamiza kalamu kama unamsaga mende. Bi Mstari alisaga mende huyo kwa miaka mingi, vyeti arobaini kwa siku. Kaboni ikaondoka, mkono ukabaki na tabia yake. Hata orodha ya sokoni aliiandika kwa namna ambayo, ukiipapasa kwa nyuma, ungejua bei ya nyanya macho yamefumbwa.

Sasa dole gumba liliuma kuanzia kucha mpaka kwenye kifundo, na jioni hakuweza kufungua kopo la chumvi. Na kwenye ukurasa huo wa mia na arobaini na tatu, mstari wa nane, mkia wa y ulishuka, ukauona mstari wa chini, ukapita.

Wa kwanza kuona alikuwa Muhuri. Huyu aliketi meza ya pili, mwanaume mpana wa mabega aliyeanza kazi mwaka mmoja na Bi Mstari, na kazi yake ilikuwa moja: kila ukurasa ukijaa, yeye aliupiga muhuri. Aliupiga kama mtu anayepigilia msumari kwenye mninga. Wateja wenye watoto wachanga walishauriwa kusubiri nje.

"Dada," alisema, shingo ameinyoosha juu ya meza, "herufi yako imekanyaga."

"Imeteleza."

"Imelewa. Naiona hapa inatafuta ukuta wa kushika."

"Kapige muhuri wako huko."

"Sina cha kupiga. Siku hizi unanipa kurasa nne kwa siku. Muhuri unaota kutu."

Alisema kwa utani, lakini hakucheka, na Bi Mstari akajua mambo si mazuri, maana Muhuri alikuwa mtu wa kucheka hata matangani.

Wa pili kuona alikuwa mkuu wa masijala. Alikuwa kijana bado, mwenye shahada ya utunzaji wa kumbukumbu na tai zilizopigwa pasi. Alimwita ofisini kwake, akamkaribisha kiti kabla hajasema neno, na hapo tu mtu alijua kuna jambo.

"Mama, nimeona ukurasa wa mia na arobaini na tatu."

"Nimeuona pia, mkuu."

"Kuchoka si aibu. Umefanya kazi ambayo mimi naisoma kwenye vitabu. Lakini kile kitabu cha zamani hakitusubiri, kinaoza. Nimeomba karani mwingine, anaweza kuja Jumatatu ya wiki ya tatu." Akasogeza kopo la kalamu bila sababu. Ndani yake ile nyekundu ilikuwa imesimama. "Mpaka siku hiyo, mkono ukitulia, endelea. Usipotulia, nitapiga mstari."

Bi Mstari alisema sawa. Alirudi mezani, akaketi, akaangalia kitabu kilichokuwa na kurasa mia na hamsini na saba zilizobaki. Kwa kurasa nne kwa siku asingefika hata kwa kuombewa na kanisa na msikiti kwa pamoja. Akakifunga, asikiguse mpaka dole litulie.

Siku mbili baadaye akaja mtu kusajili mapacha. Alikuwa mchora ramani za nyumba, macho mekundu ya kukosa usingizi, shati amelifunga vifungo kwa kupishana. Bi Mstari akamwonyesha mahali pa kusaini kwenye fomu na kumsogezea kalamu ya ofisi iliyofungwa kamba. Mchora ramani hakuigusa. Alitoa ya kwake mfukoni, ya plastiki inayoona ndani, wino ukicheza tumboni kama maji kwenye chupa. Akasaini mara mbili, mapacha wawili, na wala hakuinama. Mkono wake ulilala juu ya karatasi kama paka juani. Mstari uliotoka ulikuwa mwembamba kama unywele, mweusi, na haukuwa na hata tone la ziada.

Watu wengi wangeangalia saini. Bi Mstari aliangalia dole gumba. Lilikuwa limetulia tu pale ubavuni mwa kalamu, halisukumi kitu.

"Samahani baba mapacha," alisema. "Hiyo kalamu huikandamizi?"

"Ukiikandamiza inaharibika. Hii ni ya wino, inateremka yenyewe."

"Lazima iwe ya bei mbaya."

"Wapi. Kuna za bei mbaya, hii ni ndugu yao maskini." Akaigeuza amwonyeshe ncha. Ubavuni palichorwa herufi F, ndogo kama chembe ya sukari. "Tafuta ya Kijapani yenye hii herufi. Ndiyo ncha nyembamba. Wale wenzetu maandishi yao yana vijiti vingi kwenye nafasi ndogo, kwa hiyo wembamba wao ni wembamba kweli. Mimi naandika nao vipimo vya vyoo."

Jumamosi asubuhi Bi Mstari alivaa viatu vya kutembelea, akaenda kuitafuta. Duka la kwanza walimpa kalamu yenye taa. La pili walimcheka kwa heshima. La tatu lilikuwa kichochoro kati ya fundi cherehani na mashine ya kurudufu karatasi, upana wake mikono miwili ya mtu, rafu mpaka darini, na mwenye duka alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu mwenye kucha ndefu za kijani.

"Karibu mama."

"Ahsante mwanangu. Nataka kalamu ya wino, ya Kijapani. Iwe na F."

"F ya nini?"

"Nilidhani mwenye duka ni wewe."

Binti akacheka, akapanda ngazi. Alipita kabati la kioo lenye kufuli, ambamo kalamu nyeusi zenye mikanda ya dhahabu zililala kwenye vitanda vya mahameli. "Hizo ni za watu wanaosaini mikataba," alisema kutoka juu.

"Mimi naandika wanaozaliwa, ndio wakue wasaini hiyo mikataba. Shusha za kwetu."

Alishusha boksi la karatasi. Ndani kalamu za plastiki, za kuona ndani, kila moja na karatasi ya maelezo yenye maandishi ya Kijapani ambayo wote wawili waliyasoma kwa kutikisa vichwa. Bi Mstari alivaa miwani, akakagua ncha moja baada ya nyingine kama mtu anayechagua mchele. Nne zilikuwa na M. Ya tano ilikuwa na F.

Kabla hajaigusa, alidai wino. Binti akaleta chupa mbili. Bi Mstari akamwomba achovye ncha na kuchora mstari kwa kila wino kwenye kipande cha boksi. Akasubiri ikauke, akalamba kidole, akapitisha juu. Mstari wa kwanza ukakimbia ukawa wingu la bluu.

"Huu siutaki. Huu paa likivuja mtoto wa watu anakosa jina."

Akalamba kidole kingine, akapitisha juu ya wa pili, akasugua. Mstari haukusogea. Akasugua tena kwa nia mbaya kabisa. Ulibaki pale pale, mweusi, unamwangalia.

"Huu," alisema. "Sasa nijaribu kuandika."

Binti akaijaza kalamu wino, akampa na kipande cha karatasi. Bi Mstari akaketi kwenye kigoda, akakaza dole gumba, akaandika jina lake kama alivyokuwa ameliandika kwa robo karne. Ncha ikatoa sauti ya kukwaruza. Ikapanuka katikati kama mdomo wa kifaranga mwenye njaa, na badala ya mstari mmoja ikatoka miwili iliyoachana njia, kila mmoja na maisha yake.

"Mama, mama, mama," binti alisema taratibu, kama anamtuliza ng'ombe. "Unaichinja."

"Naandika."

"Unaandika au unachimba kisima?"

Alimpokonya, akaitazama ncha kwenye mwanga, akaibana kidogo kwa ukucha mpaka ikafunga mdomo. Chuma kilikuwa na huruma, kilirudi. Kisha akaishika yeye kuonyesha. Kwa zile kucha zake hakuweza kukaza kitu chochote duniani, hata akitaka. Aliishika kwa ncha za vidole, nyuma kabisa, na kalamu ikatembea kwenye karatasi kwa uzito wake yenyewe.

"Ishike kama unamshika mtoto mchanga sikio. Halafu iache ijiburute."

Bi Mstari alijaribu. Ilikwaruza. Akajaribu tena, ikakwaruza. Mara ya sita neno moja, moja tu, lilitoka jembamba na safi katikati ya magofu yale. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa pochi. Bei yenyewe ilikuwa ya viatu vya mtumba ambavyo kisigino bado kipo, wino pamoja. Alishajinyima vingi kuliko hivyo kwa mambo ya kipuuzi zaidi.

"Unaenda kuandika nini mama?" binti aliuliza akifunga.

"Watoto."

"Watoto gani tena?"

"Waliozaliwa kabla yako."

Nyumbani mume wake alikuwa uani anapiga randa mlango wa kabati. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na vumbi jingi. Akaipokea kalamu kwa vidole viwili, akaielekeza juani.

"Mama watoto, hii plastiki?"

"Ncha ni chuma, baba watoto."

"Naona mpaka utumbo wake."

"Na wewe ungekuwa hivyo nisingekaa nakuuliza umekula wapi."

Akarudi kwenye randa yake, lakini akabaki anamwangalia kwa pembe ya jicho.

Bi Mstari alikuwa amefikiri njiani. Mkono ulioharibiwa na kaboni, nani mwingine angeujua vizuri kuliko kaboni? Chini ya kabati alikuwa na pakiti ya zamani, masalio ya ofisi. Akaweka karatasi nyeupe, juu yake kaboni, juu yake karatasi nyingine, akaanza kuandika kwa kalamu mpya. Miaka yote lengo lilikuwa nakala ya chini isomeke. Leo lengo lilikuwa isiandikike kitu.

Nakala ya kwanza ilisomeka kutoka mlangoni. Mume wake alipita, akaiokota, akaipapasa. "Hii hata kipofu anaisoma," alisema. "Tena anasahihisha."

"Ondoka kwenye mwanga wangu."

"Mimi nakwambia tu. Randa ukiisukuma kwa hasira, inachana ubao. Chuma kinajua kazi yake."

"Leo kila mtu mwalimu."

Ncha ilipanuka mara mbili tena, na mara mbili aliifunga kwa ukucha, moyo juu juu, akiiomba msamaha kwa sauti. Hiyo Jumamosi yote, na Jumapili baada ya chakula cha mchana, alikaa karibu na dirisha na kuandika majina: ya watoto wake, ya majirani, ya mapacha wa mchora ramani. Alipokasirika, nakala ilijaa. Aliposahau kwamba anajaribu, nakala ilipungua. Mwishoni ilibaki na herufi kubwa tu, mwanzo wa kila jina, kama meno ya mzee. Halafu mchana wa Jumapili ukielekea ukingoni alinyanyua kaboni, na karatasi ya chini ilikuwa nyeupe pe.

Pengine hakuna karani mwingine aliyewahi kushangilia nakala isiyo na neno. Yeye aliikunja, akaiweka kwenye pochi pamoja na picha za watoto.

Jumatatu alipofungua mkoba ofisini alikuta kipande cha mbao kisichokuwa chake, urefu wa kiganja, kimepigwa msasa mpaka kinateleza, na mfereji katikati. Kalamu iliingia humo kama ilizaliwa humo. Mtu wa vumbi jingi hakuwa amesema chochote asubuhi, zaidi ya kuomba sukari.

Akafungua kitabu ukurasa wa mia na arobaini na nne. Kanuni alikuwa ameshaisoma tena, mara mbili: ilidai wino mweusi usiofutika, haikusema utoke kwenye kalamu gani. Akaandika jina la kwanza. Mtoto huyo alikuwa na majina manne, na yote manne yakaketi kwenye kisanduku, na nafasi ikabaki ya jirani.

Siku ya kwanza kurasa tano. Siku ya tatu saba. Wiki ya pili alikuwa anafikisha tisa, na dole gumba lilikuwa limenyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Muhuri alipata kazi ya kutosha mpaka akaanza kulalamika bega. Alikuwa akija kuchukua kitabu, anakaa nacho kidogo kabla ya kupiga, jambo ambalo halikuwa tabia yake.

"Dada, hii ni maandishi au sisimizi wamepita wamepanga foleni?"

"Wivu."

"Sikatai. Lakini mwandiko huu nimeuona mahali."

"Kwenye ndoto zako."

"Kwenye ndoto zangu hakuna anayeandika. Wote wanakula."

Jumatatu ya wiki ya tatu mkuu alikuja mezani yeye mwenyewe, tai ya kijivu, akiwa na rula na kalamu nyekundu kwa tahadhari tu. Kurasa zilikuwa zimefika mia mbili na ishirini, naye alishasikia, kwa hiyo alikuja anatabasamu. Alifungua kitabu kuanzia pale alipoachia. Akatazama mia na arobaini na tatu. Akatazama mia na arobaini na nne. Tabasamu likaondoka polepole, kama mtu anayetoka kikaoni kwa kunyata.

"Mama, huku ameandika nani?"

"Mimi, mkuu."

"Sikia." Aligeuza ukurasa, akapitisha vidole kwa nyuma. "Mpaka hapa nyuma ya karatasi kuna matuta, kila herufi unaipapasa. Kuanzia hapa ni laini kama shavu. Herufi ndogo kwa nusu. Ulalo wake mwingine."

"Ni kalamu. Nimenunua kalamu." Akaishika aionyeshe. Akaandika mbele yake mstari mzima kwenye karatasi ya pembeni, na ulitoka uleule, mwembamba, ulionyooka.

Mkuu alitazama mpaka mwisho. Hakuwa mjinga wala mkorofi, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. "Mimi nakuamini," alisema. "Nimekuona kwa macho. Lakini mkaguzi akija miaka kumi ijayo wewe hupo, mimi sipo, macho yangu hayapo. Kuna kitabu tu. Atapapasa hapa, atapapasa hapa, atasema watu wawili, na hakuna aliyeweka alama. Hapo kitabu kizima kinatiwa shaka, na hawa watoto wote pamoja nacho." Alifungua kifuniko cha kalamu nyekundu. "Nisamehe mama. Lazima nipige mstari, halafu uendelee wewe mwenyewe."

Akalaza rula chini ya ukurasa wa mia na arobaini na tatu.

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwa Bi Mstari, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili aligundua dole gumba limeanza kuikaza. Akailaza kwenye mbao yake kabla hajaiumiza. Kitu alichokinunua ili kimwepushe na mstari ndicho kilichouleta, na mkuu alikuwa anasema kweli, na hakuna aliyekuwa wa kulaumiwa ili walau mtu apate nafuu.

"Mkuu," Muhuri alisema, "subiri kidogo."

Muhuri akainuka. Huyu mtu alikuwa hainuki ila saa ya chakula na moto ukiwaka. Akaenda stoo, akasikika anahamisha vitu, anapiga chafya, anatukana buibui, akarudi na kitabu cha kijani kilichopauka, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Cha kwanza cha dada. Mwaka tulioanza. Kaboni ilikuwa bado haijaletwa, ilikuja mwaka uliofuata, nakumbuka kwa sababu vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwenye harusi yangu." Akakifungua ndani ya jalada. "Wiki nzima najiuliza nimeuona wapi huu mwandiko. Mimi ndiye niliyeupiga muhuri."

Ndani ya jalada, kama ilivyokuwa desturi ya karani mpya, kulikuwa na kielelezo cha mkono: herufi zote kubwa na ndogo, tarakimu sifuri mpaka tisa, saini, na tarehe. Hicho ndicho wakaguzi walichokitumia wakitaka kujua nani kaandika nini. Kilikuwa na miaka ishirini na sita. Herufi zilikuwa ndogo, nyembamba, zilizonyooka. Saba ilikuwa na mkanda kiunoni. R ilitoa mguu mmoja mbele kama mtu anayepima maji ya kuoga. Mkia wa y ulishuka, ukauona mstari, ukasimama.

Mkuu alikilaza karibu na ukurasa wa mia na arobaini na nne. Akaenda herufi kwa herufi, rula mkononi. Akapapasa nyuma ya kurasa za kitabu cha zamani. Laini. Akarudi kwenye mia na arobaini na tatu, akaipapasa, akaitazama kama ndiyo mgeni.

"Ndio huu," alisema mwishowe. "Huu wa sasa ndio ulioandikishwa." Akamwangalia Bi Mstari. "Huu mwingine ulitoka wapi?"

"Kaboni," alisema Bi Mstari. Hata yeye alikuwa ameduwaa. Mkono wake ulikuwa umebadilika jinsi watu wanavyonenepa, hakuna siku iliyoonekana. Alikuwa anamtazama msichana wa miaka ishirini na kitu akiandika saba yenye mkanda, na hakujua kama amsalimie.

"Kwa hiyo mstari mwekundu," Muhuri alisema, "ulitakiwa upigwe mwaka wa pili wa kazi. Mkuu, umechelewa kidogo. Ulikuwa hujazaliwa, tunakusamehe. Cheti chako pia labda kaandika dada."

Mkuu akacheka, na kucheka kulimfanya aonekane mdogo zaidi. Akafunika kalamu nyekundu. Kwenye ukingo wa ukurasa wa mia na arobaini na nne akaandika kwa wino mweusi, kwa herufi zake za shahada: Mkono umehakikiwa dhidi ya kielelezo. Mmoja. Akasaini. Kisha akatazama kalamu iliyolala kwenye mbao, kama mtoto anavyotazama baiskeli ya jirani.

"Naweza kuijaribu?"

Bi Mstari alimpa. Mkuu akaketi, akakaza dole gumba, akaandika herufi mbili.

"Mkuu," alisema Bi Mstari taratibu, "unaichinja."

Alifika ukurasa wa mia tatu Ijumaa ya wiki iliyofuata, kabla ya chakula. Karani aliyeombwa alishaambiwa abaki alipo. Jina la mwisho lilikuwa la msichana ambaye sasa, akiwa hai, ni bibi wa watu. Bi Mstari aliliandika, akaipangusa ncha kwa kitambaa, akaifunika, akapapasa nyuma ya karatasi. Vidole havikukuta kitu. Akakisukuma kitabu kwenye meza ya pili.

Muhuri aliuinua muhuri wake juu kama kawaida, feni ikaonekana kujikunyata. Akabaki ameushika hewani. Kisha akaushusha polepole, akaulaza kwenye ukurasa, akaubonyeza kwa kiganja kama anayefunika chungu, akaunyanyua na kutazama.

"Umetoka hafifu," alisema.

Bi Mstari akavaa miwani, akainama juu ya alama ile, akaikagua.

"Unasomeka."